Kimeng'enya cha sumu ya buibui na cha majipu ya mbuzi: nani alimpa mwenzake?

#1 Mfugaji_Kongwa
Habari za jioni wakuu. Nafuga mbuzi na kondoo huku Kongwa, na kabla ya kurudi kwenye mifugo nilisoma baiolojia. Nilikuwa natafuta habari za yale majipu yanayowatoka mbuzi chini ya taya na mbele ya bega, nikakutana na jambo ambalo haliniishi kichwani.

Bakteria anayeleta majipu yale anaitwa Corynebacterium pseudotuberculosis. Silaha yake kubwa ni kimeng'enya kinachokata mafuta ya kwenye utando wa seli. Sasa kimeng'enya cha namna hiyohiyo kimo kwenye sumu ya buibui wa jenasi ya Loxosceles, yule ambaye aking'ata ngozi huoza. Bakteria na buibui! Hawana ujamaa wowote wa karibu. Na ninavyoelewa, undugu wa vimeng'enya hivi ulionekana vizuri baada ya kile cha buibui kugandishwa kuwa fuwele na kupigwa eksirei.

Naomba kueleweshwa mambo mawili. Fuwele ya sumu inaonyeshaje umbo la kitu kidogo kiasi hicho? Na nani alimpa mwenzake hiyo jeni, buibui au bakteria?

#2 Zabibu Nyeusi
Mkuu, umeingia zizini ukatokea kwenye atomu. Naweka kiti, nasubiri wajuzi.

#3 Maabara_Chini
Nimefanya kazi ya protini, nianze na fuwele.

Buibui mmoja ana sumu kidogo mno, haitoshi kazi hii. Kwa hiyo jeni ya kimeng'enya huwekwa ndani ya bakteria wa maabara, E. coli, ambaye hukizalisha kwa wingi. Unakisafisha mpaka kibaki chenyewe. Hapo ndipo kazi inapoanza. Unachukua mikrolita moja ya protini, unachanganya na mikrolita moja ya maji yenye chumvi au polietilini glaikoli, tone linaning'inia chini ya kioo chembamba juu ya kisima kidogo cha maji yaleyale, kingo zimezibwa kwa grisi. Maji yanatoka kwenye tone polepole kwenda kisimani, na protini inazidi kubanana. Mara nyingi unaishia kuona vumbi la kahawia lililoganda ovyo. Unabadilisha chumvi, asidi, joto, unarudia. Siku ukichungulia kwenye hadubini ukaona kitu chenye kona na bapa zilizonyooka, kinachobadilika rangi ukizungusha kichujio cha mwanga, unaita jengo zima lije kuona.

Fuwele yenyewe kwa kawaida hata milimita moja haifiki. Inavuliwa kwa kitanzi kidogo, inagandishwa kwa nitrojeni ya maji, kisha eksirei inaipiga huku inazungushwa. Usitegemee kupata picha ya kimeng'enya hapo. Unapata madoa, maelfu ya madoa, kila moja na ukali wake. Madoa hayo ndiyo yanayopigiwa hesabu hadi ipatikane ramani inayoonyesha elektroni zimejazana wapi, na ndani ya ramani hiyo ndipo mtu anapopanga atomu.

Umbo la kwanza la kimeng'enya hiki, sfingomielinesi D, lilichapishwa mwaka 2005 na watafiti wa Brazili, kutoka kwa Loxosceles laeta wa Amerika Kusini, kwa uwazi wa angstromu 1.75 (angstromu moja ni sehemu moja ya bilioni kumi ya mita). Ni pipa: nyuzi 8 zimesimama ndani kwa duara, na misokoto 8 imezizunguka kwa nje. Mdomoni mwa pipa kuna ayoni moja ya magnesi, imeshikwa na amino asidi tatu za protini: glutamiki namba 32 na aspartiki namba 34 na 91. Pembeni yake zimekaa amino asidi nyingine, histidini mbili, namba 12 na 47, na hizo ndizo wanazosema zinaendesha ukataji.

Swali la nani alimpa nani nawaachia wengine kwanza.

#4 Mtani wa Iringa
Sasa ninyi Wagogo mnaishi na buibui wa kuozesha watu mnanyamaza tu? Binamu yangu yuko Bahi anachunga. Aliamka asubuhi ana mchirizi mwekundu wenye malengelenge shingoni, baada ya muda akapata kidonda kingine cheusi mkononi. Wazee wakasema amekojolewa na buibui. Nikisoma maelezo ya #3 naona wazee walikuwa sahihi: kimeng'enya kimekula nyama yake.

#5 Nesi wa Zamu
@Mtani wa Iringa, pole kwa binamu, lakini usifunge kesi mapema. Buibui hakojolei mtu akamtoa malengelenge. Mchirizi shingoni unaotokea asubuhi, mara nyingi tunawaza yule mdudu mwembamba mwenye mistari ya rangi ya chungwa na nyeusi, nzi wa Nairobi. Haumi wala hachomi. Mtu anampondea kwenye ngozi usingizini na maji yake yanaunguza. Sumu yenyewe, pederini, hutengenezwa na bakteria wanaoishi ndani ya mdudu. Malengelenge yakifuata upande mmoja wa mwili na maumivu ya kuunguza, tunawaza mkanda wa jeshi.

Kidonda cheusi mkononi kwa mchungaji ndicho kinachonitisha zaidi. Kinauma au hakiumi? Kama hakiumi na kimevimba pembeni, na aliwahi kumchuna mnyama aliyekufa ghafla, hicho kinaweza kuwa kimeta. Aende hospitali leo. Kimeta cha ngozi kinatibika kwa antibayotiki kikiwahiwa.

#6 Mtani wa Iringa
Kuna ndama alikufa, walimchuna. Ila kidonda kinauma sana, kwa hiyo sijui. Nimempigia, anakwenda.

#7 Binti Mvumi
Kwa nyumba zetu za tembe buibui ni wenyeji wa siku zote, kwenye fito za dari na nyuma ya magunia. Nimekua nao na sijawahi kuona mtu ameoza. Huyo Loxosceles yupo kweli Tanzania au ni wa Marekani tu?

#8 Maabara_Chini
Yupo, dada. Loxosceles meruensis alielezwa mwaka 1910 kutoka Meru, na jina lake limetoka huko. Loxosceles smithi naye anatajwa kwa Ethiopia, Kenya na Tanzania. Ukitaka kumtambua angalia macho: buibui wengi wana 8, huyu ana 6, yamekaa jozi tatu. Ni wa rangi ya kahawia, anajificha, na hang'ati mpaka abanwe kwenye nguo au matandiko. Wale wakubwa wenye manyoya wanaotoka mashimoni mvua zikianza ni wa kundi lingine na hawana kimeng'enya hiki.

#9 Mwanamiamba
Nimefurahi kuona uzi huu. Mimi ni mtu wa miamba hapa mjini, eksirei ndiyo kazi yangu, ila sisi tunapiga unga wa udongo na mawe kujua ni madini gani. Kanuni ni ileile ya Bragg baba na mwana, ya 1913. Miale ikigonga safu za atomu zilizopangana, inarudi na kujumlishana pale tu umbali wa safu, pembe na urefu wa wimbi vinapokubaliana. Mashine zenye shaba hutoa wimbi la angstromu 1.54, karibu sawa na urefu wa kifungo kati ya atomu mbili za kaboni. Ndiyo maana eksirei inafaa na mwanga wa kawaida haufai. Lawrence Bragg alipata Nobel mwaka 1915 akiwa na miaka 25.

Ila tusidanganyane. Kwa protini unahitaji sinkrotroni, ile mitambo ya duara inayokimbiza elektroni. Afrika nzima hatuna hata mmoja. Wa karibu ni SESAME kule Yordani, uliofunguliwa 2017. Kwa hiyo habari hizi kwetu zitabaki za kusoma tu.

#10 Maabara_Chini
@Mwanamiamba, hapo nakupinga. Data za fuwele za protini hazitoki kwenye sinkrotroni peke yake. Hukusanywa pia kwa mashine ya kawaida ya eksirei ya maabara.

Na njia moja ya kuvuka lile tatizo la awamu inapendeza. Kwa wasiojua, doa linakupa ukali wa wimbi lakini halikuambii wimbi lilianzia wapi, na bila hilo huwezi kujenga ramani. Unazamisha fuwele kwa muda mfupi kwenye maji yenye iodini. Iodini ni atomu nzito, inajibandika sehemu chache za protini na kubadilisha madoa kiasi cha kutosha kukisia awamu. Chumvi ya iodini si kitu cha kuagiza mwezini.

Kinachotukwamisha ni umeme usiokatika kwa ajili ya majokofu, nitrojeni ya maji inayofika kabla haijaisha njiani, na mtu wa kuitunza mashine miaka kumi mfululizo. Niliwahi kupoteza protini yote ya msimu kwa sababu jokofu lilizimika wikendi na hakuna aliyejua. Hayo yakiwepo, mtu akiwa Dodoma anaweza kuotesha fuwele hapahapa na kuzipeleka nje kupigwa tu.

#11 Bwana Mifugo Mpwapwa
Wakuu, turudi kwa mbuzi maana ndiye mwenye uzi.

Ukipasua jipu lile kwa mbuzi utaona usaha mzito, mweupe unaoelekea ukijani, hauna harufu kali. Kwa kondoo, ukikata tezi iliyokaa nalo muda mrefu unakuta tabaka juu ya tabaka kama kitunguu. Wafugaji wengi wanapasua zizini, usaha unamwagika chini, mbuzi wengine wanalala hapohapo wakiwa na mikwaruzo ya miba. Kesho lawama zinaenda kwa uchawi wa jirani. Bakteria huyu anakaa ardhini muda mrefu. Pasua mbali na zizi, vaa glavu, choma usaha, mtenge mgonjwa.

Kuhusu kimeng'enya: bakteria waliofutiwa jeni yake maabara hushindwa kusambaa na kuleta majipu ya kwenye tezi. Na chanjo zinazotumika nchi kadhaa za nje kwa kondoo zina kimeng'enya hicho kikiwa kimezimwa makali, ili mwili ujifunze kukikamata. Kwa hiyo kujua mdomo wa pipa umekaaje kuna faida hata kwa mfugaji wa Kongwa.

#12 Zabibu Nyeusi
Jumamosi nilikuwa na mpango wa kwenda mnada wa Msalato kula mbuzi. Bwana Mifugo, umeniharibia.

#13 Bwana Mifugo Mpwapwa
Nenda tu, nyama iliyokaguliwa haina shida. Kula na sehemu yangu.

#14 Kijana wa Ng'ong'ona
Naomba kuuliza kama mwanafunzi. Siku hizi programu ya kompyuta ya AlphaFold inatabiri umbo la protini kutokana na mfuatano wa amino asidi peke yake, na wenye kazi hiyo walipata Nobel ya kemia 2024. Kwa nini mtu ahangaike na matone na grisi? Kompyuta ninayo, fuwele sina.

#15 Mwalimu Kondoa
Kijana, swali zuri. AlphaFold ilijifunza kutokana na maumbo yaliyopimwa, mengi yao kwa fuwele. Na utabiri wa protini peke yake haukuonyeshi magnesi ilipokaa wala molekuli za maji zinazoizunguka. Kwenye kimeng'enya hiki magnesi ndiyo roho ya jambo.

#16 Kijana wa Ng'ong'ona
Mwalimu, toleo la 2024 linaweka ayoni na molekuli ndogo pia.

#17 Mwalimu Kondoa
Ni kweli, linaweka. Lakini bado ni makisio mpaka mtu apime. Tumia kompyuta yako, tabiri, kisha tafuta mwenye fuwele akupinge.

Nirekebishe pia kitu kwenye #4. Kimeng'enya hakili nyama. Kinakata kichwa cha sfingomielini, yale mafuta ya kwenye utando wa seli, yaani kolini inatoka. Kwa miaka mingi vitabu viliandika kwamba kinachobaki ni seramidi-1-fosfeti, kwa maana kwamba maji yanaingia pale palipokatwa. Mwaka 2013 kundi la Chuo Kikuu cha Arizona lilionyesha kwamba fosfeti inajikunja na kujifunga yenyewe kuwa pete. Maji hayaingii. Kwa hiyo hata neno "hidrolisisi", yaani kukata kwa maji, tulilokuwa tunafundisha kwa kimeng'enya hiki lina mushkeli. Umbo la fuwele lilikuwepo tangu 2005 na bado kemia yenyewe ilichukua miaka 8 kukaa sawa. Fuwele inakuonyesha vyombo vya kazi. Kilichotoka kazini unakipima kwa njia nyingine.

#18 Nesi wa Zamu
Mwalimu, kama hakili nyama, ngozi inaozaje?

#19 Mwalimu Kondoa
Maelezo yenye ushahidi mkubwa ni kwamba mwili wenyewe unashiriki. Sungura walioondolewa chembe nyeupe za damu aina ya nyutrofili, kisha wakachomwa sumu hii, hawakupata kidonda kile. Kwa hiyo kimeng'enya kinavuruga utando, askari wa mwili wanafurika, mishipa midogo inaziba, na ngozi inakosa damu.

#20 Maabara_Chini
Naongeza: panya wa maabara hawapati kidonda hicho hata wakichomwa sumu, wakati sungura wanapata. Ukisema nyutrofili ndiyo sababu, panya nao wanazo. Kwa hiyo hadithi haijaisha hapo. Wengine wanaelekeza kidole kwa komplementi, zile protini za kinga za kwenye damu, wengine kwa zile pete za fosfeti kutuma ishara zisizo zake ndani ya seli. Mimi naona yote yanachangia, ila uzito wa kila moja haujapimwa vya kutosha.

#21 Mfugaji_Kongwa
Shukrani wakuu, nimepata kuliko nilivyotarajia. Sasa swali la pili, mbona mnalikwepa? Nani alimpa nani?

#22 Mwalimu Kondoa
Mwaka 2006 Cordes na Binford waliliandikia hili. Waliweka maumbo juu ya maumbo na kulinganisha mifuatano, wakaona cha buibui na cha bakteria vyote vimetoka kwenye ukoo mmoja wa vimeng'enya ulioenea kwa viumbe vingi sana, na kazi yake ya kawaida ni kukata masalia ya mafuta ya fosfeti ya kawaida tu. Lakini hivi viwili vina kipande cha mkiani ambacho ndugu zao wengine hawana. Wakahitimisha kwamba tukio la kuzaliwa kwa sumu lilikuwa moja, kisha jeni ikahama kutoka ukoo mmoja kwenda mwingine. Upande wa kuhamia hawakuukata.

#23 Mtani wa Iringa
Mimi nasema buibui ndiye mwenye mali. Mwenye sumu ni buibui bwana, bakteria kaokota.

#24 Maabara_Chini
Na kuna hoja ya kukusaidia, Mtani. Kimeng'enya hiki kipo kwa Loxosceles na pia kwa binamu zao buibui wa mchangani wenye macho 6, wa Amerika Kusini na wa kusini mwa Afrika. Hiyo inaashiria walikuwa nacho kabla mabara hayajaachana, takriban miaka milioni 100 iliyopita. Kwa bakteria kimeonekana kwa wachache tu: huyu wa mbuzi, ndugu yake C. ulcerans, na Arcanobacterium haemolyticum. Kitu kilichotawanyika hivyo kwa wachache kinafanana na kitu kilichopokewa.

#25 Kijana wa Ng'ong'ona
Napinga kwa heshima. Jeni za wanyama kwa kawaida zina introni, yaani vipande visivyo na maelekezo ya protini ambavyo lazima vikatwe kwanza, na bakteria hana mashine ya kuzikata. Jeni ya buibui ikiingia kwa bakteria na introni zake haitasomeka. Jeni ya bakteria ikiingia kwa mnyama inaweza kuanza bila introni na kuzipata baadaye. Kwangu mimi bakteria ndiye aliyetoa.

#26 Bwana Mifugo Mpwapwa
Na kupe mnamweka wapi? Nimewahi kusoma kwamba mifuatano ya jamii hii imeonekana pia kwa kupe, kwa utitiri, na hata kwa baadhi ya kuvu. Kupe ni ndugu wa buibui, ananyonya mbuzi, na mbuzi ana bakteria. Msimruke.

#27 Mwalimu Kondoa
Kupe anaongeza utamu lakini pia anaongeza uwezekano wa tatu: kwamba jeni ni ya kale sana, wengi walikuwa nayo, wakaipoteza, wakabaki hawa wachache. Hapo hakuna aliyempa mwenzake. Shida ya maelezo hayo ni kwamba unahitaji viumbe wengi mno wawe wameipoteza.

#28 Mfugaji_Kongwa
@Kijana wa Ng'ong'ona, hoja ya introni sijaikubali yote. Jeni inaweza kunakiliwa kutoka RNA (nakala ya kazi ya jeni) iliyokwisha kukatwa introni, ikarudi kuwa DNA, kisha ikahama. Ni nadra lakini hutokea ndani ya wanyama. Ila @Maabara_Chini nawe, bakteria wangapi wa udongoni wamesomwa jeni zao hapa Kongwa au Mpwapwa? Huwezi kusema kwa bakteria ni wachache wakati hatujachungulia kwenye mazizi yetu. Bwana Mifugo, ukipasua jipu lingine nihifadhie sampuli kwenye chupa safi, nitakuja nayo Dodoma mjini nitafute mwenye kuisoma.

#29 Bwana Mifugo Mpwapwa
Tutafanya kwa utaratibu wa ofisi, na barafu uje nayo mwenyewe. Halafu andika ni mbuzi au kondoo, umri, na jipu lilikuwa tezi gani.

#30 Mtani wa Iringa
Taarifa: binamu amepokelewa hospitali, wamechukua kipimo cha kidonda na wamemwanzishia antibayotiki huku wakisubiri majibu. Daktari amemuuliza kuhusu yule ndama, na buibui pia ameuliza. @Maabara_Chini, kama wamebakiwa na huyo buibui wa chumbani kwake, amtie kwenye nini ili macho yahesabike?

#31 Maabara_Chini
Spiriti ya asilimia 70, chupa yenye kifuniko kinachobana, na karatasi ndani iliyoandikwa kwa penseli mahali na tarehe. Asimponde.